Uzi: Nimebakiza miezi mitano kufunga ndoa. Je, ninunue mashine ya kukata karatasi na vinaili (plastiki nyembamba ya stika), au niwaachie mafundi?

Mwanzilishi wa uzi

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaolewa baada ya miezi mitano, na kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikilizungusha jambo moja kichwani bila kulifikisha mwisho, ndiyo maana nimeona nilete hapa.

Ninapenda kazi za mikono tangu utotoni, na ningependa sehemu kubwa ya vitu vya karatasi vya harusi yangu nivitengeneze mwenyewe. Orodha niliyo nayo ni hii: kadi za mwaliko 140, kila moja ikiwa ndani ya jalada lenye nakshi za maua zilizokatwa, vikadi 240 vya majina ya wageni mezani, namba za meza 24, ubao mmoja mkubwa wa kuwakaribisha wageni mlangoni, stika za majina yetu mawili kwenye glasi zetu na za wasimamizi, na vibandiko 240 vya duara kwa ajili ya vifuko vya zawadi. Printa ya wino ninayo. Dada yangu na rafiki zangu wawili wameahidi kunisaidia mwishoni mwa juma.

Jumapili iliyopita nilijaribu kukata jalada moja kwa kiwembe cha kalamu. Nilitumia dakika tisini, maua ya upande wa kushoto hayakufanana na ya kulia, na kidole cha kati kilitoka lengelenge. Nikazidisha mara 140 nikafunga daftari.

Watu wengi wananiambia ninunue mashine ya kukata, ile inayofanana na printa ndogo lakini yenye kisu badala ya wino. Bei yake kwangu si ndogo. Nisingependa kuinunua kwa ajili ya siku moja kisha ikae kabatini, lakini pia sipendi kulipa mafundi kwa kazi ambayo ningeifurahia mwenyewe. Naomba maoni ya waliokwisha kuitumia kwa kazi ya vipande vingi, si kwa kadi moja ya siku ya kuzaliwa.

Mchangiaji wa kwanza

Hongera sana, dada. Nilitengeneza vitu vya harusi yangu kwa mashine hiyo, na baadaye vya wadogo zangu wawili, kwa hiyo nitakueleza nilichojifunza mezani.

Kosa ambalo wengi wetu tulilifanya ni kuipima mashine kwa uzuri wa sampuli moja. Sampuli huwa nzuri daima. Kinachoamua ni idadi ya mikeka. Karatasi hubandikwa kwenye mkeka wenye gundi hafifu, mkeka unaingizwa mashineni, kisu kinakata, mkeka unatoka, unabandua, unabandika nyingine. Mkeka wa kawaida una inchi 12 kwa 12, yaani sentimita 30.5 kila upande, lakini eneo ambalo kisu kinafika ni pungufu kidogo. Kwenye mashine nyingi za ukubwa huo hesabu sentimita 29.2. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi uanze kupanga kazi. Kadi ya kawaida ya sentimita 12.7 kwa 17.8 ungedhani zinaingia nne kwenye karatasi hiyo ukizipanga kwa kuzizungusha, kwa sababu 12.7 na 17.8 zikijumlishwa ni 30.5 kamili. Kwa kisu kinachoishia 29.2, zinaingia mbili tu.

Sasa angalia jalada lako. Ili liikumbatie kadi ya ukubwa huo, likiwa limefunuliwa litakuwa na upana wa takribani sentimita 26 na kimo cha zaidi ya 18. Hilo ni moja kwa kila mkeka. Majalada 140 ni mikeka 140. Nakshi nzito ya maua kwangu ilikuwa ikichukua dakika sita kukatwa na mbili za kubandua na kusafisha vipande vidogo vilivyobaki kwenye gundi. Dakika nane mara 140 ni zaidi ya saa 18 na nusu za kukaa kando ya mashine, bila kuhesabu yatakayochanika.

Halafu kuna mkono wa kubandua, ambao hakuna anayekuonyesha dukani. Usiivute karatasi kutoka kwenye mkeka, kwa maana itajikunja kama ganda na nakshi nyembamba zitakatika. Geuza mkeka uelekee chini, karatasi iguse meza, kisha ukunje mkeka taratibu kuelekea juu huku kiganja kingine kikiikandamiza karatasi ibaki bapa. Mdogo wangu alipoteza majalada kumi na moja kabla ya kukubali kufanya hivyo.

Ushauri wangu wa kwanza, kabla ya kuzungumzia kununua: chukua orodha yako utenganishe vitu vyenye mistari iliyonyooka na vyenye maumbo. Vikadi vya majina na namba za meza ni mistatili. Mistatili haihitaji mashine ya kisu kabisa. Kikatio cha mkono chenye wembe wa kuteleza, kile cha ofisini, kitakata karatasi tano kwa wakati ambao mashine bado inasoma mkeka. Ukiviondoa hivyo, kinachobaki ndicho cha kuamulia.

Mwanzilishi wa uzi

Nakushukuru sana, dada yangu, kwa kunihesabia. Sikuwa nimefikiria mikeka hata kidogo. Nilikuwa ninahesabu kadi. Vikadi na namba za meza nimeviondoa kwenye orodha.

Nina maswali mawili. Nimesikia kwamba mashine hizi zinaweza kushika kalamu na kuandika majina juu ya bahasha. Je, maandishi yake yanapendeza? Pili, ubao wa mlangoni na glasi ni vigumu kiasi gani?

Mchangiaji wa kwanza

Kalamu inapendeza, lakini uwe na mwandiko unaofaa. Kwa mwandiko wa kawaida wa kompyuta mashine huchora ukingo wa kila herufi, hivyo jina linatoka likiwa na mistari miwili na tumbo tupu katikati. Unahitaji mwandiko wa mstari mmoja, ule uliotengenezwa kwa ajili ya kalamu. Bahasha pia huwekwa mkekani moja moja, kwa hiyo tunarudi kwenye hesabu ileile. Mimi niliandikia bahasha za wazee tu, nyingine nikachapa kwa printa. Suala la ubao nawaachia wanaoshughulika na vinaili.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzilishi, mimi ni fundi wa stika kwa miaka mingi, na mashine kubwa ya kazini na ile ndogo ya nyumbani nimezitumia zote mbili. Nitasema juu ya vinaili kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo mashine ndogo inapostahili sifa zake.

Vinaili huuzwa ikiwa juu ya karatasi ya mgongoni. Kisu hupangwa kikate vinaili peke yake, karatasi ya mgongoni ibaki nzima. Kisha unaondoa mabaki kwa sindano au kibanio, kuanzia nje kuelekea ndani, ukikumbuka kutoa matumbo ya herufi kama a, e na o. Halafu unabandika juu yake utepe wa kuhamishia, unaisugua kwa kipande cha plastiki kigumu, na utepe unaondoka na maandishi yote yakiwa kwenye nafasi zake. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kupanga herufi thelathini kwa unyoofu huo.

Kwa ubao wa mlangoni, hasa wa akriliki (plastiki ngumu inayong'aa kama kioo) au wa kioo chenyewe, futa kwanza kwa spiriti, acha ukauke, halafu unyunyize maji yenye tone moja la sabuni kabla ya kubandika. Maji hayo yanakupa nafasi ya kusogeza maandishi yakikaa upande. Yasukume nje kutoka katikati, subiri, ndipo uondoe utepe kwa kuulaza nyuma, usiuinue wima. Ubao wako ukizidi upana wa mashine, gawa maneno kwa mistari; si lazima yote yatoke kwa pigo moja.

Kuhusu aina, kuna vinaili ya kudumu na ya muda. Ya kudumu ina gundi kali na huvumilia kuoshwa, hiyo itumie kwenye glasi mtakazozihifadhi. Ya muda hubanduka bila kuacha alama, hiyo ndiyo ya ubao wa kukodi au kioo cha ukumbi. Ukichanganya hizi mbili utalia: glasi itaoshwa mara mbili jina litoke, na kioo cha watu kitabaki na gundi. Kwenye glasi, weka stika chini ya usawa wa midomo na nje tu, isikutane na kinywaji. Tena glasi nyingi hupanuka kuelekea juu, kwa hiyo neno refu lililonyooka mezani litapinda likizungushwa juu ya glasi. Fupisha maandishi, au yaweke wima.

Jambo moja ninalolisisitiza kwa mwandiko wa kuunganika, ule wa mkono: kabla ya kukata, ziunganishe herufi ndani ya programu ziwe umbo moja. Usipofanya hivyo kisu kitakata kila mahali herufi zinapopishana, na jina lenu litatoka vipande vipande.

Sasa niseme pia upande wa pili. Majalada 140 yenye nakshi ni kazi ya leza, yaani mwale mkali wa mwanga unaokata kwa kuchoma. Karakana yenye mashine ya leza ikipewa faili safi itamaliza kwa muda mfupi sana, bila mkeka, bila kubandua. Omba sampuli kwanza kwenye karatasi yako halisi, kwa sababu leza huunguza kingo, na kwenye karatasi nyeupe unaweza kuona mstari wa hudhurungi. Kwa rangi nyeusi au ya zambarau iliyokolea hautauona. Ila usiwapelekee vinaili wakukatie kwa leza. Vinaili nyingi ni PVC, aina ya plastiki yenye klorini, na ikichomwa hutoa gesi yenye asidi inayodhuru mapafu na kuiharibu mashine yenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Mimi natofautiana kidogo na kaka aliyetangulia, si kwa ufundi bali kwa sababu ya yaliyonipata. Kazi yangu niliipeleka nje. Kadi zilirudi siku tisa kabla ya harusi, na jina la ukoo wa mume wangu lilikuwa limekosewa herufi moja katika kadi zote. Faili niliyowapa ilikuwa sahihi. Mtu alikuwa ameandika upya badala ya kunakili. Walikubali kosa, lakini foleni yao ilikuwa imejaa, nami nilizisambaza kadi zikiwa na kibandiko kidogo juu ya jina la mtu ninayempenda. Mpaka leo nikiona kadi ile moyo unaniuma. Ukiwa na mashine yako, kosa unaligundua kwenye kipande cha kwanza, si cha mia moja na arobaini.

Ukiamua kununua, basi programu uiangalie kwa makini kuliko chuma chenyewe, maana ndiyo utakayoishi nayo. Mashine za Cricut huendeshwa kwa programu yake yenyewe, Design Space, ambayo inahitaji akaunti na kwa sehemu kubwa inategemea intaneti. Mwezi Machi 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba wasiolipia kila mwezi wangeruhusiwa kuingiza michoro yao 20 tu kwa mwezi. Wateja walipinga kwa nguvu na mpango ukaondolewa mwezi huohuo. Nalitaja hilo ili ujue kwamba unaponunua mashine ya namna hii unanunua pia masharti, na masharti yanaweza kubadilika. Mashine za Silhouette hutumia programu ya Silhouette Studio, unayoiweka kwenye kompyuta na kufanya kazi bila intaneti, lakini toleo lake la bure halifungui faili za SVG (faili za michoro ya mistari ambayo kisu huifuata), na michoro mingi ya harusi inayouzwa huja kwa SVG. Brother ScanNCut ina skana na skrini yake, unaweza kukata mchoro uliochora kwa mkono bila kompyuta.

Upana nao uuangalie. Cricut Joy iliyotoka 2020 ni nyepesi na inavutia, ila hukata upana wa sentimita 11.4 hivi. Kwa vibandiko inatosha, kwa jalada la kadi haitoshi. Cricut Maker ya 2017 na zilizofuata zina nguvu ya kukata hata mbao nyembamba za milimita 2.4 kwa kisu maalumu. Je, wewe unahitaji kukata mbao? Kwa orodha uliyotuandikia, hapana. Usilipie nguvu usiyoihitaji.

Mchangiaji wa nne

Dada, swali langu ni moja tu. Baada ya harusi utaitumia kwa nini? Usijibu kwa jumla, taja kitu na mwezi. Kama huwezi kutaja vitatu, azima.

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku kumi na mbili, kwa sababu sikutaka kuwajibu kwa maneno matupu.

Swali la mchangiaji wa nne lilinisumbua kuliko yote. Nilikaa nikaandika: vibandiko vya mitungi ya jikoni, majina ya watoto wa dada yangu kwenye madaftari yao mwaka wa shule ukianza. Cha tatu sikukipata. Basi nikamwomba mwenzangu wa kazini, ambaye anayo ya upana wa inchi 12, aniruhusu nijaribu kwake Jumamosi nzima.

Jalada la kwanza lilichanika. Mchoro nilioununua ulikuwa na vishina vya maua vyenye upana wa milimita moja, na karatasi yangu ilikuwa laini, ya gramu 160 kwa mita ya mraba. Nilivinenepesha vishina hadi milimita mbili, nikabadili karatasi kuwa ya gramu 220, na la pili likatoka zima, safi, pande zote mbili zikifanana kama viganja vya mikono. Sitaficha kwamba nililishika nikatokwa na machozi. Lakini saa yangu ilisoma dakika saba na sekunde arobaini kwa kukata peke yake. Mara 140 ni karibu saa 18, na hapo bado sijabandua hata moja.

Tukiwa tunakunywa chai mwenzangu akaniuliza kwa nini nakshi zizunguke kadi nzima. Sikuwa na jibu. Tukachora mkanda badala ya jalada: upana wa sentimita 5, maua yakiwa upande wa mbele tu, unazunguka kadi katikati na kufungwa nyuma kwa kibandiko. Mikanda mitano inaingia kwenye mkeka mmoja. Kwa kadi 140 hiyo ni mikeka 28, na kwa kuwa nakshi ni chache mkeka mmoja ulichukua dakika tisa. Kukata ni saa nne na kidogo. Kwa kadi za rangi ya maziwa na mkanda wa kijani kibichi, naona unapendeza kuliko jalada lenyewe, kwa maana kadi inaonekana.

Kwa hiyo sinunui. Mwenzangu ameniazima mashine kwa Jumamosi mbili, nami nitanunua mikeka, kisu kipya na vinaili. Ubao wa mlangoni na glasi nitazifanya Jumamosi ya pili kwa maelekezo ya kaka fundi wa stika. Vibandiko 240 nitavichapa kwenye karatasi za stika zilizokwisha kukatwa maduara, kwani kuvikata upya ni kujichosha bure.

Mchangiaji wa kwanza

Umefanya hesabu ambayo sisi tuliifanya baada ya kulipa. Mikeka nunua miwili, ili mmoja ukiwa ndani ya mashine dada yako awe anaandaa mwingine, na kisu kipya kiwe cha karatasi tu. Kile kilichokata karatasi yenye kumetameta usikiguse kwa mikanda, kimekwisha kuwa butu. Nyongeza moja: kabla ya kukata mkeka wa pili, funga mkanda wa kwanza juu ya kadi halisi ikiwa pamoja na kila kitakachokaa nayo. Kadi ikiongezewa karatasi ya ramani na ya majibu hunenepa, na mkanda uliopimwa kwenye kadi tupu haufiki.

Mwanzilishi wa uzi

Asante sana, dada yangu. Nimeupima sasa hivi kabla ya kulala. Mkanda wangu ulikuwa wa sentimita 27. Kwa kadi, ramani na karatasi ya majibu zikiwa pamoja, sehemu ya kupandana nyuma imebaki milimita nane, na kibandiko hakishiki vizuri. Nimeurefusha hadi sentimita 28. Bado unaingia kwenye 29.2.